Koti Namba Kumi na Ine

Kigali, tarehe 3 Septemba 2023

Mama Mukubwa,

Nakusalimia sana, weye na Papa Balagizi na nyumba yote. Huku tuko salama, ni vumbi tu yenye inatusumbua. Atelye yetu ya kushona inaenda muzuri. Sasa tuko batatu: miye, Gasaro mwenye anakata, na Uwase mwenye anasema. Nafanya mzaha, naye anashonaka, lakini mudomo yake iko mbele ya sindano. Goti ya Papa iko namna gani? Mulimupeleka kwa daktari, ao mungali munaipaka mafuta?

Utajiuliza kwa nini naandika barua na simu iko. Ni juu ya hii: kwa simu, kila mara nakuomba kitu, unasemaka rezo mubaya, hausikie. Kwa karatasi hakuna rezo.

Sasa sikiliza. Tarehe 9 Desemba kutakuwa mnada hapa Kigali, ndani ya hoteli moja kubwa. Bashonaji kumi na bachoraji kumi, kila mumoja anatoa kazi moja ya mukono yake. Benye feza banashindana kupandisha bei, na feza yote inaenda kununua kuvezi, yale masanduku ya joto yenye banalazaka ndani batoto benye banazaliwa mbele ya siku. Siye hatupati hata franka moja. Tunapata jina. Na balinichagua, Mama Mukubwa, miye mwenye ulifundisha kushona vifungo juu ya magoti yako, kule Kamembe.

Nataka kushona koti, na nataka kuikata ndani ya kikwembe ya mama, ile kitenge ya buluu yenye ndege za manjano. Najua ndiyo kitu moja tu yenye ilibakia kwake. Lakini nilizaliwa mbele ya siku, na yeye alikufa nyuma ya siku nane. Sasa kikwembe yake itanunulia batoto bengine joto. Naona hata yeye angekubali. Nakuomba uitume na ajansi ya bisi.

Mutoto wako mwenye haja,
Chloé


Kamembe, tarehe 20 Septemba 2023

Chloé mwanangu,

Barua yako ilifika na haikulowana, tumushukuru Mungu. Tuko wazima. Papa alikataa daktari, anasema goti ni yake na yeye ndiye anaijua. Jirani Mukakalisa anaolesha binti yake, na miye niko nashona nguo kumi na mbili za rangi moja. Kila mumoja anataka kifua ikatwe namna yake, na bote banataka ziishe juma hii. Kule mupaka wa Rusizi ya kwanza kupita ni muzuri kidogo, nilivusha vikwembe makumi tatu bila kusimama sana.

Niliposoma hiyo neno mnada nilimuuliza Papa, akaniambia ni cyamunara. Nilikaa chini. Weye mwenyewe unajua, kwetu cyamunara ni wakati banki inauzisha nyumba ya muntu mwenye alishindwa kulipa, na jirani bote banakuja kuangalia. Nilisoma barua yako tena mara mbili mpaka moyo ikatulia. Kama ni ya kusaidia batoto, basi Mungu aibariki, na nafurahi sana kama balikuchagua. Nilimwambia kila muteja, hata bale benye hawakuuliza.

Ile kikwembe, sijui niliiweka wapi. Nyumba hii tulihamishahamisha vitu mingi. Nakutumia vikwembe tatu mpya, nazo ziko na ndege. Kata hizi. Rangi yake haitoke.

Ukule muzuri, usishindie chai tu,
Mama Mukubwa Nabintu


Kigali, tarehe 1 Oktoba 2023

Mama Mukubwa,

Salamu nyingi. Huku mvua ilianza, na Uwase alipata muchumba, basi sasa mudomo yake haina hata fasi ya kupumuzika. Vikwembe tatu zilifika. Ni nzuri kabisa, Gasaro alitaka kuniiba moja.

Lakini Mama Mukubwa, tusichezeane. Kikwembe ya mama iko ndani ya sanduku ya bati, chini ya kitanda yako, chini ya mashuka ya arusi, ndani ya mufuko ya plastiki. Haijatoka pale tangu nilienda kusoma. Kama hautaki niikate, sema hautaki, nitasikia. Lakini usiniambie imepotea.

Nangojea, na makasi iko mukononi,
Chloé


Kamembe, tarehe 4 Novemba 2023

Chloé,

Jambo. Goti ya Papa imevimba, hakulala siku mbili.

Kikwembe ni hii. Ukate. Lakini usiandike mingi juu yake. Andika tu: kikwembe ya zamani. Bantu ba mnada, hiyo inabatosha.

Nabintu


Kigali, tarehe 19 Novemba 2023

Mama Mukubwa,

Pole sana kwa Papa. Ndani ya koli hii nakutumia na bisi kuna dawa ya kupaka, muntu wa farmasi alisema asubui na magaribi. Asipotaka, umupake na nguvu.

Koti iliisha! Ni ndefu, inafika kwa magoti, na mabega nilipanga ili ndege mbili ziangaliane. Nilipoanza kuikata, Gasaro alinishikia kitambaa. Komite ya mnada ilichapisha kitabu yenye picha ya kila kazi. Miye ni namba kumi na ine. Najua uliomba nisiandike mingi, lakini Muzee Christophe-Aimé, prezida ya komite, aliniuliza kitambaa ilitoka wapi, na nilipomwambia akatosha miwani akapanguza macho. Basi baliandika hivi: "Koti yenye ilishonwa ndani ya kikwembe ya marehemu Reine, mama ya mushonaji, mwenye alikufa siku nane nyuma ya kujifungua." Jina ya mama iko kwa kitabu, Mama Mukubwa. Niliangalia ile ukurasa mpaka wino ikanishika kwa kidole.

Tiketi yako ya bisi iko ndani ya bahasha, na karatasi ya kuingilia kwa hoteli. Usiseme kama uko na kazi. Nguo za arusi ya binti ya Mukakalisa zilishaisha.

Nitakungojea kwa gare ya bisi na furaha yangu yote,
Chloé


Kigali, tarehe 12 Desemba 2023

Mama Mukubwa,

Salamu kwako na kwa Papa. Yeye ndiye aliniambia kwa simu kama ulifika nyumbani, na kama haukule.

Wacha nikuandikie namna miye niliona, kisha weye uniambie yako. Namba kumi na ine ilifika saa tisa ya muchana. Shimwa, yule dada mwenye alishika mikro, alisoma maneno ya kitabu, jina ya mama na zile siku nane. Aliomba bei ya kuanzia, elfu mia tatu. Hakuna mwenye aliinua mukono. Halafu nikaona mukono yako kwa mustari wa tatu.

Nilicheka peke yangu nyuma ya rido, ile pazia kubwa. Nilijua uko unafanya nini. Ni ile ya soko ya Rusizi ya kwanza: mwenzako akikosa muteja, unakuja unashika mali yake, unaisifu, unajifanya kupatana bei, mpaka bantu banajaa. Na balikuja! Madame Emerance, yule wa miwani mwenye ako na mahoteli, akasema mia ine. Pale ndiyo ulipaswa kushusha mukono. Weye ukasema mia tano. Yeye mia sita. Weye mia saba. Nilitokeza kichwa pembeni ya rido, nikakufanyia alama na mikono yote mbili, na najua uliniona. Yeye mia nane. Ukasimama, ukasema elfu mia tisa, na sauti ya kuitia muntu ngambo ya mto. Madame Emerance akacheka, akakupigia makofi, na nyundo ikagonga. Nilipotoka nyuma ya rido kiti yako ilikuwa haina muntu.

Sasa Muzee Christophe-Aimé ananiuliza kila siku mama yangu mukubwa atalipa lini. Koti imekunjwa kwa biro yao ya kazi. Kuna kuvezi moja yenye haijanunuliwa juu inangojea hiyo feza. Na kuna bale benye banasema nilipanga na ndugu yangu ili kupandisha bei. Miaka ine niko najenga jina huku, Mama Mukubwa, na kwa mara ya kwanza imeandikwa mahali, inaandikwa pembeni ya hiyo maneno. Kama ilikuwa kosa, sema ni kosa, nitaenda kuomba radhi. Lakini uniandikie.

Chloé


Kigali, tarehe 2 Januari 2024

Mama Mukubwa, mwaka mupya muzuri kwenu bote.

Koli ya samaki, zile sambaza, ilifika, zilikuwa zimekauka muzuri. Nilizitosha moja moja kutafuta barua. Haikuwa ndani.

Chloé


Kamembe, tarehe 14 Januari 2024

Chloé mwanangu,

Jambo yako. Papa ako, goti ilipungua, ile dawa yako anaiombaka mwenyewe sasa. Mvua iliangusha ukuta ya jikoni ya Mukakalisa, lakini hakuna mwenye aliumia. Sambaza nilituma juu nilikaa mbele ya karatasi na neno haikukuja.

Mukono ya kwanza ilikuwa ile ya soko, ulisema kweli. Niliona bananyamaza mbele ya kazi yako na sikuvumilia. Mikono ingine haikukuwa kosa. Nilitaka kuiondosha ile koti pale.

Ile kikwembe haikukuwa ya Reine. Ni yangu.

Mama yako alipozikwa kule Bukavu, ngambo ya mupaka, siku ya kumaliza matanga, bamama balikaa chini, nguo zake zikapangwa juu ya mukeka, zikagawanywa. Kwetu ndani ya jamaa, mwenye kuchukua mutoto haguse nguo. Banasemaka alishapata fungu yake. Miye nilichukua weye. Ulikuwa na kilo moja na nusu. Nilivuka daraja ya mupaka na weye ndani ya kifua, nimekufunga na kikwembe yangu ya buluu, na kuvezi hatukuijua hata jina. Wiki saba sikukuondosha kwa ngozi yangu. Nilipika na weye, nilishona na weye. Lakini ya mama yako sikubeba hata kitambaa ya kichwa.

Ulipokuwa na miaka sita, mwalimu aliwaomba mulete masomoni kitu ya bazazi benu. Ulirudi unalia, ukasema weye hauna. Nilifungua sanduku, nikaona ile ya buluu, nikasema hii ni ya mama yako. Ilitoka kwa mudomo mbele sijafikiri. Kesho yake nilitaka kukuambia, lakini ulikuwa unazunguka nayo nyumba yote, unaifunga kwa kichwa, unacheka. Nikasema nitamwambia akikuwa mukubwa kidogo. Mwaka ikapita, na ingine.

Miaka makumi tatu nauzisha vikwembe. Sijamwambia muteja hata mumoja hii ni ya Hollande kama ni ya China. Na pale kwa hoteli nilisikia uongo yangu inasomwa na mikro, na bantu banataka kuilipia, na jina yako iko chini yake. Nikasema afazali niinunue miye kuliko mugeni. Kisha niliogopa uso yako, nikapanda bisi ya saa kumi.

Ubaambie ukweli bote. Useme kosa ni ya mama yako mukubwa, muuzishaji wa Kamembe. Feza hiyo sina, lakini bakitaka nitalipa kidogo kidogo mpaka iishe. Nilinyamaza juu niliogopa utabakia bila mama kabisa. Na nilijiogopea pia miye mwenyewe, hiyo nayo uijue.

Nabintu


Kigali, tarehe 4 Februari 2024

Mama Mukubwa,

Nawasalimia. Tuko wazima.

Nilienda kwa komite na barua yako, nikaisoma yote mbele yao. Haikukuwa rahisi. Muzee Christophe-Aimé aliita Madame Emerance, juu yeye ndiye alikufuata kwa bei. Yule mama aliniuliza: "Huyo mwenye alibeba mutoto wiki saba kwa kifua, ndiye ule mwenye alinishinda?" Nikasema ndiyo. Akasema koti anaichukua, bei yake haibadiliki, ni ileile elfu mia nane, lakini baandike ukweli. Balibandika karatasi mupya juu ya ile maneno ya kitabu, na jina yako iko juu yake. Kuvezi ilinunuliwa. Hauna deni ya muntu. Na bale ba maneno balinyamaza.

Basi mnada iliisha. Yangu haijaisha. Ile kikwembe niliiambia mitihani yangu yote. Niliiambia habari ya yule kijana mwenye aliniacha, mbele sijaambia muntu mwingine. Nilifikiri nasema na mama. Sasa ya mama sina picha, sina hata kitambaa. Najua ulinipenda, hiyo sikatai, lakini niko na hasira na sijui itaisha siku gani. Usinipigie simu kwanza. Na usinitumie sambaza.

Chloé


Kamembe, tarehe 28 Aprili 2024

Chloé,

Sikukupigia, kama uliomba. Papa anatembea bila fimbo. Binti ya Mukakalisa ako na mimba. Ndiyo habari ya huku.

Nilijaribu kukumbuka bamama benye balikuwa juu ya mukeka ile siku ya matanga. Balikuwa saba. Tangu Februari, kila nikivuka Bukavu kuchukua mali, nilibatafuta. Babili balikufa. Mumoja alihamia Uvira. Mumoja alisema aliuzisha yake zamani, na mwingine alinifukuza, alifikiri nakuja kudai. Mwingine hata jina yake sikupata. Wa mwisho ni Marguerite, mwenye aliimbaka korali na mama yako. Angali anaishi Kadutu, huko Bukavu juu kabisa, na ngazi za kule zilinimaliza pumuzi.

Marguerite alikuwa na nusu ya kikwembe. Ya kijani, na maduara meupe. Aliifanya rido ya jikoni. Nilimuuliza kama kweli ni ya Reine, akasema ndiyo. Nilirudi juma ingine nikamuuliza tena namna ingine, juu sasa siamini mudomo ya muntu, hata yangu. Akakasirika, akanitupia pindo mbele ya macho. Reine hakukuwa na mashini, alishonaka na mukono, na alikuwa wa mukono ya kushoto. Nyuzi zake zinalalaka upande mwingine. Niliona ile pindo na nikamujua mudogo yangu pale pale. Nililia ndani ya jikoni ya mwenyewe mpaka Marguerite akanipikia chai.

Alikataa feza. Alisema anataka tu rido, basi nilimushonea mupya.

Sikuifua. Inanuka moshi na vitunguu, hainuki mama yako. Nakuambia mbele ili usitafute. Haifike kuzunguka kiuno, na kuna fasi moto iliunguza. Lakini hii ni yake. Hii ndiyo yake.

Sikuombi kitu.

Nabintu


Kigali, tarehe 12 Mei 2024

Mama Mukubwa,

Nawasalimia sana, na Papa naye, sasa mwenye kutembea. Uwase aliolewa, tukashona sisi, akasema tangu asubui mpaka padri akamunyamazisha.

Kikwembe ilifika. Uliandika nisitafute harufu, nilitafuta. Kweli ni moshi na vitunguu. Niliangalia pindo mbele ya dirisha, kisha nikajaribu kushona vile, na mukono ya kushoto, nikajichoma vidole tatu. Nililia, na hiyo mara nilijua nalilia nani. Koko, aksanti, Mama Mukubwa. Ngazi zote zile.

Jana Gasaro aliniuliza ile ya buluu, yenyewe, ilikuwa inanuka nini. Nikamujibu bila kufikiri: sabuni, na mafuta ya mashini ya kushona. Halafu nikaweka makasi chini. Uliniandikia mwenyewe kama mama hakukuwa na mashini.

Nililala na ile kitambaa kwa pua mpaka nikafika miaka kumi na moja, ili mama anilalishe. Ni weye ulikuwa unanilalisha. Na asubui nilikuwa naamka, nakupita pale mulangoni bila hata kukuambia jambo, juu nilifikiri nilishasalimia mama.

Tarehe 18 napanda bisi ya kwanza. Nakuja kukusalimia.

Chloé